Mianzi Niliyoipanda Kando ya Korongo

Siku tulipomzika mama mkwe wangu, waombolezaji walikuwa wengi kuliko viti, na jua la mchana lilipokaza watu walibeba vigoda na mikeka yao wakahamia chini ya mianzi iliyo nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu, nimejifunga kanga kichwani, nikamsikia kijana mmoja, mjukuu wa upande wa Kagongwa ambaye hakuwahi kuishi hapa kwetu, akiuliza mianzi mikubwa namna hii ilipandwa na nani. Mzee mmoja akamjibu kwamba ilipandwa na serikali wakati wa vijiji. Mwingine akasema hapana, mianzi hiyo haikupandwa na mtu, ilikuwepo tangu zamani. Nilinyamaza, maana siku ile haikuwa ya kusimulia habari zangu. Lakini neno lile lilinikaa. Mianzi ile niliipanda mimi, Felista, nikiwa na miaka kumi na tisa, na aliyejua yote yaliyotupata mwaka ule ndiye tuliyekuwa tumemlaza kaburini asubuhi. Nimebaki peke yangu na habari hii, na sitaki iondoke na mimi.

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini, katikati ya miaka ya sabini. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na ng'ombe wake na mashamba yake, ziliambiwa zije kukaa pamoja kando ya barabara inayokwenda Segese. Mimi nilikuwa nimeolewa miezi michache tu kabla, nikitokea Ushirombo, na mume wangu Masanja alikuwa ameondoka kwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu, akaniacha na mama yake. Kwa hiyo tulihama wanawake wawili. Mama mkwe nilimwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, asiyepaza sauti hata akiita mbuzi. Alikataa kuondoka kwenye mji wake wa zamani mpaka amalize kuvuna karanga, na tulipofika kijijini viwanja vizuri vilikuwa vimekwisha. Tukapewa cha mwisho kabisa, pale ardhi inapoteremka kuelekea mbugani, na nyuma yake pana korongo.

Nyumba tuliyojenga ilikuwa ya miti na udongo, vyumba viwili na jiko la nje la matete lililogusana na chumba cha mbele. Nikifumba macho hata leo naiona: chumba cha mbele chenye mtungi wa maji kwenye kona, kinu kimelazwa nyuma ya mlango, magunia ya karanga yakinukia vumbi na jua. Chumba cha ndani kilikuwa changu, na kilikuwa na dirisha dogo lililotazama korongo. Upepo wa mbugani ulipita humo kama mwenye nyumba. Tulikula michembe asubuhi, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, na jioni ugali kwa mlenda, na kila tonge lilikuwa na mchanga. Mayu alikula ameupa mgongo mlango wa nyuma. Mwanzoni nilidhani anakwepa upepo, lakini baadaye nilielewa kwamba hakutaka kuliona lile shimo. Kule alikotoka alikuwa na mji wenye ua wa minyaa, wenye mlango wake na kivuli chake, mji ambao mgeni aliuona kutoka mbali akajua ni kwa nani. Hapa tulikuwa kama watu waliosahauliwa kando ya shimo. Nami sasa, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye wakati ule, ndipo naelewa kilichokuwa kinamuumiza. Umaskini alikuwa ameuzoea. Kilichomuumiza ni kuishi mahali ambapo hapakuonyesha kwamba yeye ni mtu.

Mvua za kwanza ziliporomosha choo chetu kipya. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Lukasi, alikuja kutazama. Alikuwa mtu mwema, na alisema kwa upole, lakini maneno yenyewe hayakuwa mapole. Alisema korongo likizidi kusogea, msimu ujao nyumba itakwenda nalo, na kijiji hakina kiwanja kingine. Itabidi mayu akakae kwa kaka yake, na mimi nimfuate mume wangu. Mayu alimjibu kwamba amesikia. Akamsindikiza mpaka barabarani kama ilivyo heshima, akarudi, akaketi kwenye kigoda chake, na ugali nilioupakua ukapoa mbele yake mpaka ukafanya ngozi.

Mimi nilikuwa mgeni, nimeolewa juzi, na wala sijui kama nilikuwa na ruhusa ya kuwa na mawazo. Lakini wazo nilikuwa nalo. Kwetu Ushirombo, chini ya misheni, kuna chemchemi, na kando yake mianzi imesimama kama ukuta. Utotoni tulikuwa tukichota maji pale, na hata masika ya kuua mazao, ukingo ule haukumeguka. Nilimwomba mayu ruhusa niende kwetu siku chache. Sikumwambia sababu, kwa kuogopa kuchekwa. Aliingia ndani, akanifungia karanga na kuku wawili. Ilinichukua muda mrefu kufahamu maana ya zawadi ile. Alidhani naondoka moja kwa moja, na hakutaka nirudi kwa wazazi wangu mikono mitupu.

Bustani ya misheni ilikuwa chini ya Sista Benedikta, mtu wa maneno mengi na mikono myeusi kwa udongo, aliyenifundisha sala ya baba yetu nikiwa mdogo. Nilipomweleza shida yangu alifurahi kana kwamba nimemletea habari ya harusi. Tulizunguka pamoja asubuhi nzima. Alinionyesha mianzi ya njano yenye mistari ya kijani, mizuri kweli, nikaitamani. Akanikatalia. Alisema hiyo hupandwa na mtu anayetaka kupamba ua na ana maji ya kuchezea, nami sina. Akanionyesha myembamba inayosukiwa vikapu, ambayo mizizi yake hutembea chini ya ardhi na kuibukia inakotaka. Hiyo nayo akasema nikiipanda karibu na nyumba itanifuata mpaka chini ya kitanda. Ile ya kunifaa ilikuwa ya kijani, minene, inayokua kwa kukusanyika mahali pamoja, na mizizi yake inashikana kama vidole. Kisha nikajifunza kuchagua mche. Mwanzi mchanga wenye maganda bado hauna nguvu, na uliozeeka wenye ukungu kwenye ngozi umechoka. Unautaka wa mwaka uliopita, ulio pembeni ya kichaka, wenye macho mazima kwenye vifundo. Unauchimba na kitako chake, unaukata kimo cha kifua, unaufunga kwa gunia bichi. Nilichimba mwenyewe. Viganja vilitoka malengelenge, na shangazi yangu aliponiona alisikitika kwamba nimeolewa nikawe mtumwa. Nikamwambia hapana shangazi, hii ni kazi yangu mwenyewe.

Nilirudi juu ya lori la pamba, miche yangu imelala katikati ya marobota, na abiria wenzangu waliuliza njia nzima kama huko nilikoolewa hakuna kuni. Mayu alikuwa uani akipepeta. Aliponiona nashuka barabarani alisimama, ungo mkononi, akabaki vile vile mpaka nikafika na kumpigia magoti.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi, mayu."

Akatazama mizigo yangu, akauliza ni nini, nikamwambia. Aliniletea maji ya kunywa, na jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, alichinja kuku.

Nilipanda kesho yake, mvua ikiwa imetulia. Nilichagua mstari juu kidogo ya ukingo wa korongo, mbali na nyumba kiasi cha kutosha ili mizizi isisumbue ukuta, na mbali na ghala la karanga, kwa sababu Sista alikuwa amenionya kwamba panya hupenda maficho ya majani makavu. Nilichimba mashimo mapana, nikaweka samadi ya zamani kutoka zizi la jirani na majivu ya jikoni kwa ajili ya mchwa. Nililaza kila mche kidogo, nikafukia, nikakanyaga, kisha nikajaza maji kwenye pingili ya juu iliyokatwa na kuiziba kwa udongo, iwe kama mtungi wake wa kunywea. Chini ya mstari nilipanga mawe na mabua ya mtama kuvunja nguvu za maji. Kazi yote hiyo niliifanya peke yangu. Mayu alikaa kizingitini akimenya karanga, amenipa mgongo. Watu waliopita barabarani walisimama kutazama vijiti vilivyokatwa vichwa vimesimama kwenye mstari, wakaenda zao wakicheka.

Kisha kikaja kiangazi, na kilikuwa kikali. Ule ndio mwaka tuliokula unga wa njano wa msaada, na ng'ombe wa watu walikuwa wakitembea mifupa. Majani machache yaliyokuwa yametoka yalikauka yakadondoka. Nilizungushia miche matawi ya miiba kwa ajili ya mbuzi, nikatandaza pumba za mpunga kuzunguka kila shina, na kila tone la maji lililokwisha kufanya kazi nyumbani, ya kuoshea vyombo na ya kuogea, nililibeba huko. Kisima kilikuwa mbali na foleni ndefu, kwa hiyo maji safi sikuthubutu. Kila asubuhi nilikwaruza gome kwa ukucha kidogo sana nione kama ndani bado kuna ukijani. Ulikuwepo. Lakini huo ukijani niliujua mimi peke yangu. Aliyetazama kwa macho aliona vijiti vilivyokufa.

Katika kiangazi hicho mchimbaji mmoja aliyekuwa akirudi kwao alileta ujumbe wa Masanja. Habari za korongo zilikuwa zimemfikia. Alisema nifunge vitu vyangu nimfuate Nyarugusu, nikapike kwenye duara, ndivyo wachimbaji walivyoliita shimo lao, na mama yake apelekwe kwa mjomba. Mayu alikuwepo wakati ujumbe unatolewa. Alinyanyuka akaenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa. Nikamwambia yule mtu, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kwamba akirudi Nyarugusu amwambie Masanja kuwa mkewe amesalimia sana, na kwamba hataondoka kabla mvua hazijanyesha, kwa sababu ana kazi haijaisha. Mwanamke wa umri wangu kumrudishia mumewe jibu kama lile ilikuwa habari ya kijiji. Kufikia Jumapili, kanisani, walikuwa wanalijua wote.

Ndipo wakaja wanawake. Walikuwa watatu, na msemaji wao alikuwa Mama Tabu, jirani yetu wa mkono wa kulia. Walikaa chumba cha mbele na mayu, wakamenya naye karanga, na mimi nilikuwa jikoni nikisonga ugali, ukuta wa matete ukiwa katikati yetu. Walianza mbali, kwenye njaa na mahindi ya msaada, kisha wakafika. Mama Tabu alisema mianzi huita nyoka. Akasema tena kwamba mtu anayepanda mianzi nyumbani hufa siku kivuli cha mianzi hiyo kinapofika mlangoni, na kwamba mkwe asiyejua hayo, au anayeyajua na bado anapanda, ni mkwe wa kurudishwa kwao mapema, kabla hajazaa. Wenzake waliitikia. Mwiko ulinisimama mkononi. Nilisikia maganda ya karanga yakidondoka kwenye ungo, moja, jingine. Kisha mayu akasema, taratibu, kama anayeeleza njia:

"Basi kivuli hicho kitaanza na mimi, Mama Tabu. Siku ile mimi ndiye niliyeshika miche, yeye alikuwa anafukia tu."

Haikuwa kweli. Nimekwisha kusema alikaa wapi siku ile. Mwanamke aliyekuwa hasemi uongo hata wa kufukuza mgeni, alisimama mbele ya majirani zake akajibebesha kifo changu, na aliamini mambo hayo kama wao walivyoyaamini. Mama Tabu alikung'uta maganda kwenye kanga yake, akawaita wenzake. Waliaga kwa heshima, wakaenda. Nilipoleta ugali mayu alinawa, akakata tonge, akala. Lakini kabla hatujamaliza aligeuza kigoda chake, akakaa kutazama mlango wa nyuma, na tangu siku hiyo hakuupa mgongo tena. Alfajiri iliyofuata nilimkuta kwenye mstari wa mianzi na jembe, anarundika pumba vizuri zaidi kuliko nilivyorundika mimi. Tulifanya kazi mpaka jua lilipopanda, bila maneno mengi, na nilijisikia mtu ndani ya nyumba yake.

Mvua zilirudi kwa hasira. Kubwa kuliko zote ilianza mchana, mbingu nyeusi upande wa mbugani, na kufikia saa kumi korongo lilikuwa linanguruma. Tulisimama wote wawili chini ya upenu tukitazama. Maji yalichukua mche wa mwisho, ule wa upande wa chini, pamoja na kipande cha ardhi kikubwa kama paa la nyumba. Niliuona ukizama na kitako chake juu. Mayu alishika pindo la kanga yangu. Lakini maji yalipofika kwenye mstari wenyewe, pale nilipopanga mawe na mabua, na mizizi ilikuwa imekwisha kukaa, yaligonga, yakapanda, yakageukia upande wa pili wa korongo ambako hakuna mtu. Ukingo wetu ulibaki. Sitaki kudanganya kwamba ni mianzi peke yake iliyofanya kazi hiyo. Ilikuwa michanga bado, na mawe yalisaidia. Ila tulipoteremka baada ya mvua, niliona mizizi imening'inia kwenye ukingo uliomegwa kama nyuzi za kapu, na kila uzi ulikuwa umeshika udongo wake.

Wiki mbili hazikupita, machipukizi yakatoka. Asiyewahi kuyaona hawezi kujua furaha yake. Hayatoki kama jani. Yanatoka kama pembe ya ndama, manene, yamevaa maganda yenye nywele za kahawia, na ardhi inapasuka kuyapisha. Asubuhi lipo kwenye kifundo cha mguu, siku chache baadaye lipo kiunoni, nami nilikuwa naacha sufuria jikoni kwenda kujipima nalo. Mayu alilinda mbuzi kwa fimbo siku nzima. Masanja alifika wakati huo, amekonda, anakohoa vumbi la shimoni, akiwa na kanga moja kwa ajili yangu na maneno makali ya kuniuliza kuhusu lile jibu. Mama yake alimpeleka nyuma ya nyumba kabla hajakaa. Alizunguka kila shina, akatia mkono, akatazama korongo, akatazama nyumba. Aliporudi aliomba maji ya kunawa, na maneno yale makali sijayasikia mpaka leo. Nyarugusu hakurudi. Alilima.

Mwenyekiti alikuja mwisho wa mvua pamoja na wazee wawili wa kamati. Kijiji kilikuwa kimejenga zahanati kwenye mteremko, na maji yalikuwa yameanza kula msingi wake. Walisalimiana na mayu, wakakaa, wakapewa maziwa ya mgando, na mzee Lukasi akamwomba yeye, kama mwenye mji, miche ya mianzi na mtu wa kuwaonyesha namna ya kuipanda. Mimi nilikuwa nimepiga magoti pembeni kuchukua vibuyu. Masanja alikuwepo pia, na wazee walikuwa wanamtazama yeye. Mayu akatikisa kichwa.

"Mwenye mianzi ni huyu hapa," alisema. "Ombeni kwake."

Mzee Lukasi aliweka chini kibuyu chake, akanigeukia mimi, msichana wa miaka ishirini, akaniita mama, akaniomba. Ulimi wangu ulikuwa tayari. Nilimwambia mwaka huu sitakata hata mche mmoja, kwa sababu kichaka kichanga kikichimbwa hufa; waje mvua zijazo. Nikamwambia kwa sasa wapange mawe kama nilivyopanga mimi, na wachimbe mashimo mapema yajae samadi. Na mahali pa mashimo hayo nitapachagua mwenyewe, hapatachaguliwa na kamati. Mzee mmoja alikohoa. Mzee Lukasi alisema sawa, mama, tumeelewa.

Wakaniomba niende nao siku ile ile nikapaone. Nilimtazama mume wangu, nikamtazama mayu. Mayu alikuwa amekwisha kuniletea jembe. Nikajifunga kanga kiunoni, nikalitupia jembe begani, nikatoka uani. Njia ya kwenda zahanati ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja mmoja, na mwenyekiti alisimama kando kunipisha. Nilitangulia, nao wakanifuata, kamati yote, na wanaume waliokuwa mashambani waliacha kulima wakaja nyuma yetu kuuliza ni kiwanja gani kinapimwa.